Mashini ya kupima usingizi wa operesheni: miezi 9 nayo kwenye bloku yetu hapa Bukavu

Nyota 3 juu ya 5. Nimeanza na nyota juu najua wengine mtasoma mstari wa kwanza alafu mrudie WhatsApp yenu, basi chukueni hizo 3 muende nazo. Lakini kama uko mwenye unafikiria kutoa dola zako, ao za hospitali, ununue hii kitu, baki kidogo, juu kuko mambo muuzaji hatakuambia na mimi nimeshayalipia.

Mimi nalaza watu. Muuguzi wa anestezi, mwaka wa 12 sasa, hospitali ndogo huku Kadutu, bloku ya operesheni yenye sali (vyumba vya kupasulia) mbili na moja kati ya hizo mbili ni stoo ya makartoni. Tunafanya herni (utumbo wenye umetokeza), goita (uvimbe wa shingo), sezariani (kuzalisha kwa kupasua), mifupa ya watu wa pikipiki, mambo ya kawaida ya Bukavu. Dokta anapasua, mimi nakaa upande wa kichwa, na kazi yangu ni mgonjwa asisikie, asikumbuke, na arudi. Hiyo ya kurudi kila mtu anaijali, tuko na oksimita ya kidole, ya kupima oksijeni ya damu, kwa ajili yake, tuko na mashini ya presha. Kusikia na kukumbuka ndo tunavifanya kwa macho na mazoea, unaangalia mapigo ya moyo, presha, jasho kwenye paji, chozi likitoka pembeni ya jicho, uso ukikunjamana. Kama hauoni kitu unasema amelala. Unasema tu.

Mwenye alinisukuma kununua ni mama mmoja anauzisha sambaza, vile visamaki vya ziwa, sokoni Kadutu. Alikuja kwetu kwa operesheni ya pili ya maisha yake, ya kwanza alifanyiwa pahali pengine miaka mingi nyuma, pale hapana haja ya kupataja. Alikataa kulazwa. Nikafikiri ni woga wa kawaida, nikaanza zile maneno zetu za kutuliza watu, akanikata: "Munganga, ile siku nilisikia byote. Nilisikia mikasi, nilisikia banabishana juu ya bei ya gunia ya makala. Nikataka kusongesha kidole, kidole ikakatala." Akanyamaza. Alafu akanitajia bei yenyewe ya gunia la makala, yale ya kupikia, na nani alisema ni ghali na nani alisema eti ukienda kulichukua mwenyewe kijijini unalipata nusu. Siyo ndoto hiyo. Ndoto haikumbuki bei ya makala.

Kidole kilikatala juu ya kurare. Kwa wasio wa kazi yetu: kurare ni dawa ya kulegeza misuli, inampa dokta tumbo laini la kufanyia kazi na inaniruhusu mimi niingize mpira kwenye koo, lakini hailazi mtu hata kidogo. Haiondoi maumivu pia. Ukiwa na kurare kwenye damu na dawa ya usingizi ikapungua, unaamka ndani ya mwili wenye umefungwa, unasikia kisu na hauwezi kupepesa. Kule Uingereza na Ireland walihesabu wagonjwa wenye walirudi kulalamika hivo, wakatoa ripoti 2014: kwa wote wenye walilazwa ni kama mtu 1 kwa watu 19,000, wenye walipewa kurare mtu 1 kwa karibu 8,000, na wenye walilazwa kabisa kwa sezariani mtu 1 kwa karibu 670. Hiyo ya mwisho inaeleweka ukishafanya kazi usiku, mnakimbia, unapima dawa kidogo juu ya mtoto, dokta ameshashika kisu kabla haujamaliza kufunga sparadra kwenye mpira.

Sasa mashini. Ni kadude ka ukubwa wa kamusi nene, skrini moja, waya mrefu, na mwisho wa waya unachomeka stika yenye vidoti vinne. Unapangusa paji la uso na alkoli, unaacha ikauke (hapo wengi wanakosea, wanabandika ikiwa bado maji), unabandika kidoti cha kwanza katikati ya paji, cha mwisho kwenye upande kati ya pembe ya jicho na nywele, na ile mingine inajipanga yenyewe, unabonyeza kila kimoja sekunde chache. Mashini inajipima, ikikubali inaanza kusikiliza umeme wa ubongo, umeme wenyewe ni ule Mjerumani Hans Berger aliukamata kwa mtu mara ya kwanza 1924, na inaupiga hesabu hadi ubaki namba moja kati ya 0 na 100. Wanaiita BIS. Mtu wa macho iko juu ya 90, operesheni unamtaka kati ya 40 na 60, chini ya 40 umemzamisha kuliko lazima, na 0 ubongo hautoi kitu. Marekani waliikubali kwa kazi ya hospitali 1996. Kuko na ndugu zake wa kampuni zingine, kuko Entropy, kuko Narcotrend ya Wajerumani yenye inatoa herufi kutoka A hadi F badala ya namba tu, lakini wazo ni lile lile. Yangu ni ya BIS, okazyo (imeshatumika na wengine), na jina la aliyeniuzisha silitaji.

Okazyo iliniletea stress ya kwanza. Nililipa dola 1,300 nikiwa na mkopo wa nusu, ikapitia Kigali ikavuka Ruzizi ndani ya sanduku la nguo, nikaambiwa "betri iko nzuri, inashika vizuri." Siku ya kwanza umeme ukakatika katikati ya herni, kitu chenye Bukavu hakimshangazi mtu, na mashini ikazima pa! kama taa ya mezani. Jenereta ikawaka, mashini nayo ikawaka, ikaanza kujipima upya polepole wakati mimi nafanya kazi kama zamani, kwa macho na chozi. Betri ilikuwa maiti kitambo. Nikanunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme, dola 85 zingine, na sasa inashika hadi jenereta inawaka. Kwa hiyo ushauri wa kwanza, ukinunua okazyo ichomoe kwenye prizi mbele ya muuzaji, uweke saa, mnywe soda wote wawili mkiingoja. Kama hataki kungoja umeshapata jibu.

Ya pili ni stika, na ndo kidonda chenyewe. Mashini unanunua mara moja, stika unanunua kwa kila mgonjwa. Boksi ni la 25 na langu lilinigharimu dola 450, kwa hiyo kila paji la uso ni dola 18 kabla sijachoma hata sindano moja. Tuko na wagonjwa wenye wanalipa operesheni kwa mafungu, leo dola 10, mwezi ujao dola 5 na kuku. Utamwambia nini huyo, kwamba kuna stika ya dola 18 ya kujua kama atasikia? Bila shaka nimejaribu kuitumia mara mbili, nani hajajaribu. Unaiosha na alkoli, jeli inakauka, unaongeza jeli ya ekografi kidogo, mara nyingine inakubali na mara nyingi mashini inakutukana kwa alama nyekundu kwamba haisikii ngozi. Kuna mkubwa mmoja wa kazi yetu anakata waya anaunganisha na zile elektrodi za ECG za bei rahisi, anasema inatembea. Sijafanya. Namba yenye imetoka kwenye waya nimekata mwenyewe sitaiamini, na nikiwa siiamini dola 1,300 nilizitolea nini?

Mambo mabaya yamebaki mengine, lakini niseme kwanza siku yenye ilinifanya nisiiuzishe.

Mama wa Idjwi, kile kisiwa cha ziwa Kivu, kama miaka 50, goita kubwa ya siku nyingi. Mnajua kisiwani ile shida ni ya zamani, wazungu walikuja kuifanyia utafiti tangu miaka ya 1960. Huyu moyo wake ulikuwa unakimbia kwa sababu ya goita, basi dokta alishamuweka kwenye propranololi wiki nyingi ili moyo utulie kabla ya kupasua. Asubuhi ile tulifanya herni kwanza, alafu yeye. Nikamlaza na propofoli, ile nyeupe kama maziwa, kurare, mpira kwenye koo, nikafungua vapo (chombo chenye kinageuza dawa kuwa gesi) ya isoflurani, dawa ya kulaza ya kuvuta, stika kwenye paji. Namba ikakaa 47, 48. Vizuri. Dokta akafungua shingo, anafanya kazi yake polepole juu goita ya zamani iko na mishipa mikubwa kama mizizi.

Baada ya dakika kama 40 namba ikawa 53. Sikujali, inachezacheza. 57. Nikaangalia moyo, 64, umetulia kama saa ya ukutani. Presha 12 kwa 7 (yani 120 kwa 70). Hakuna jasho, hakuna chozi, uso umelala. Namba 63. Nikasema stika imeachia, nikaibonyeza na kidole, lakini ile alama ya ubora wa signali ilikuwa imejaa kabisa na ile ya misuli ya uso iko chini. 68. Dokta haoni kitu, anaomba uzi. 71, na hapo ndo nikageuka nikaangalia vapo. Kale kadirisha ka chini ya vapo kalikuwa kakavu. Nilisahau kuijaza baada ya herni. Mimi, siyo mtu mwingine. Mgonjwa alikuwa anavuta oksijeni na upepo tu tangu dakika sijui ngapi.

Nikampa propofoli kidogo kwenye mshipa, nikajaza vapo mikono inatetemeka hadi nikamwaga kidogo kwenye viatu, na nikaangalia namba ikirudi, 66, 58, 49. Hiyo kurudi inaonekana ndefu, juu mashini haikuonyeshi sasa hivi, inakuonyesha sekunde zenye zimeshapita, iko nyuma ya ubongo kila wakati. Moyo ulibaki 64 mwanzo hadi mwisho. Propranololi ilikuwa imeufunga mdomo. Kwa macho yangu na miaka yangu 12 ningeapa kwamba huyu mama amelala fofofo, na alikuwa anapanda ngazi kurudi kwetu.

Kesho yake nikamfuata kitandani na yale maswali ya Brice, ya 1970, yenye kila anestezisti angepaswa kuuliza na karibu hakuna anauliza: kitu gani cha mwisho unakumbuka kabla ya kulala, kitu gani cha kwanza ulipoamka, kuna kitu unakumbuka katikati, uliota, nini kilikuwa kibaya zaidi. Cha mwisho alikumbuka inzi aliyekufa ndani ya kioo cha taa yetu. Cha kwanza, kiu. Katikati hakuna kitu. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Alafu nikaenda kumtoa yule inzi.

Basi hapo ningeandika nyota 5 nifunge. Shida ni ketamini.

Kila mtu wa bloku hapa anajua, ketamini ndo mkate wetu. Haihitaji vapo, haiangushi presha ya mtu mwenye ametoka damu, mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, bei yake maskini anaiweza, na umeme ukikatika haijali. Na mashini hii haisikilizani na ketamini hata kidogo. Dawa zingine zinapoza mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole, mashini inaona polepole inasema amelala. Ketamini yenyewe inalaza huku mawimbi yanakimbia, na mashini ikiona yanakimbia inasema huyu iko macho. Hata ukiiongeza kidogo juu ya dawa zingine, nusu miligramu kwa kilo, namba inapanda wakati mtu amezidi kulala. Nitrus nayo, ile gesi ya kuchekesha, karibu haisogezi namba kwa upande wowote. Kama ningeyasoma mbele ya kununua ningefikiri mara mbili. Sikusoma.

Mwezi wa pili wa mashini, kijana wa pikipiki, mguu umechanika, tunasafisha kidonda kwa ketamini. Nimebandika stika juu nilikuwa bado na furaha ya kitu kipya, nabandika kila mtu. Namba inasema 88. Dokta kijana wa staji anaangalia skrini, ananiangalia mimi. "Huyu iko macho, ongeza." Namuambia ni ketamini hiyo, macho yake yamefunguka lakini hayuko. "88, mama, 88!" Na mimi, mwenye miaka 12, nikaongeza. Juu skrini iko na namba na mimi niko na maneno tu. Namba haikushuka, ikapanda hadi 90, akataka niongeze tena na hapo nikakataa. Kijana alilala mchana wote, mama yake kwenye koridoo anauliza kila robo saa kama mtoto amekufa, na alipoamka alituambia kuna mbuzi wanatembea kwenye plafo (dari). Aliwahesabu. Walikuwa 7.

Tangu siku hiyo ketamini na mashini havikai sali moja kwangu. Ukihesabu wagonjwa wetu: sezariani nyingi ni rashi (sindano ya mgongo), mama iko macho anaongea na sisi, mashini haina kazi. Mifupa na vidonda ni ketamini, mashini inadanganya. Watoto wadogo, hasa wa chini ya mwaka 1, namba zake hazishikiki. Inabaki goita, matumbo makubwa, wazee, na sezariani chache zenye rashi imekataa. Kwa mwezi ni wangapi? Kwetu hapa vidole vya mikono miwili vinatosha.

Kuna lingine la kurare lenye linanikosesha usingizi mimi mwenyewe. 2015 kuko watafiti wa Australia walitoa kazi yao, watu 10 walijitolea kuchomwa kurare wakiwa macho kabisa, bila dawa ya usingizi hata tone (nani anajitolea kwa hiyo?), wakiacha mkono mmoja bila kurare ili waweze kujibu. Walikuwa wanajibu maswali kwa mkono, wako wazima kichwani, na namba ya mashini ilianguka hadi chini ya 60. Yani sehemu ya namba siyo ubongo, ni misuli ya paji. Ukilegeza misuli namba inashuka kidogo yenyewe na wewe unafurahi bure. Kwa hiyo 58 ya mtu mwenye kurare na 58 ya mtu asiye nayo mimi siziweki kikapu kimoja. Mwenye kurare nataka chini ya 50 ndo niweze kumeza mate. Na kinyume chake pia, mgonjwa akitetemeka kwa baridi, dokta akikanyaga bisturi (kisu) ya umeme, namba inaruka juu bila sababu, lazima uangalie ile alama ya signali kabla haujaiamini. Bisturi yetu ya zamani inaichanganya hadi inaandika vistari tu.

Na ule mkono wenye waliuacha bila kurare ni kitu cha zamani, Mwingereza Tunstall alikitoa 1977, na hakilipi dola 18. Unafunga kile kitambaa cha presha kwenye mkono mmoja, unakipuliza kupita presha ya mgonjwa, ndipo unachoma kurare. Kurare haiingii kwenye ule mkono. Alafu unainama kwenye sikio, "Mama fulani, kama unanisikia finya mkono wangu mara mbili." Usikiache kimejaa zaidi ya dakika kama 20, mkono utakufa ganzi na hautafinya kitu hata kama iko macho. Nimekifanya kwa sezariani mbili za usiku. Dokta aliniangalia kama mchawi, nasemesha mtu mwenye amelala. Hakuna aliyefinya, namshukuru Mungu, lakini ningejua. Dakika zile za kwanza ndo za hatari.

Kwa wenye watauliza utafiti unasema nini, maana kuna mmoja kwenye grupu yetu ya WhatsApp kila siku anatuma tu PDF: 2004 watafiti wakiongozwa na Waaustralia walichukua wagonjwa wa hatari karibu 2,500, wenye mashini walioamka katikati walikuwa 2, wasio na mashini 11. Kila muuzaji anaijua hiyo. Asichokutajia ni za Marekani. 2008 walilinganisha mashini na kitu kingine, kipimo cha gesi yenye mgonjwa anapumua nje chenye kinapiga alarmu ikipungua, matokeo 2 kwa 2. Wakarudia 2011 na watu zaidi ya 6,000, upande wa mashini walioamka 7, upande wa kipimo cha gesi 2. Yani ukiwa na kipimo cha gesi chenye alarmu haukosi kitu. Ile siku ya mama wa Idjwi kipimo cha gesi kingelia kabla ya namba kufika 55, na hakiombi stika. Pale penye hakiwezi kukusaidia ni ukilaza kwa propofoli ya mshipa tu, hapo hakuna gesi ya kupima na mashini ya ubongo ndo rafiki peke yake.

Wanasema pia inaokoa maisha ya wazee kwa kukuzuia kuwazamisha. 2019 ulitoka utafiti wa wazee zaidi ya 6,000, nusu kwenye 50 nusu kwenye 35, baada ya mwaka vifo karibu sawa. Basi. Chenye nimeona mwenyewe ni kidogo zaidi, wazee wangu nawapa isoflurani pungufu kuliko zamani na wanaamka wakiwa bado kwenye meza, wanauliza viatu. Chupa ya isoflurani nayo inakaa siku nyingi kidogo. Hailipi stika lakini inaonekana.

Sasa mwenye bado anataka kununua. Kama sali yako haina oksimita nzuri kwa kila meza, funga hii ukurasa uende ununue oksimita. Ukishakuwa nayo, nunua kapnografu, ile ya kupima hewa chafu inayotoka, juu mpira ukiingia tumboni badala ya kwenye mapafu namba ya BIS haitakuambia kitu kwa wakati, mgonjwa atakufa akiwa na usingizi mzuri wa 45. Alafu kipimo cha gesi ukipata. Alafu ndo hii. Mimi nilianza na ya mwisho kwa sababu ya mama wa sambaza, sijuti sana, lakini kapnografu tuliipata mwezi jana tu na kila nikifikiria huo utaratibu naona haya.

Mama wa sambaza mwenyewe alilazwa na sisi mwezi wa tatu. Nilimuonyesha skrini kabla, nikambandika stika akiwa macho, akaona 97 yake. "Hiyo njo mimi?" Njo wewe. "Na ikiwa ngapi njo siko?" Nikamuambia chini ya 60, na mimi sitaondoa macho. Akasema sawa, lakini mkiongea juu ya makala nitajua. Alikaa 44 karibu operesheni yote, bila ketamini, na hakuna mtu alifungua mdomo ndani ya ile sali isipokuwa kuomba vyombo. Maswali ya Brice alinijibu akicheka.

Nyota moja imeondoka juu ya stika, moja juu ya ketamini. Ya betri sijaitoa kwa mashini, hiyo ni ya muuzaji na yeye anajijua. Kwenye mlango wa kabati nimebandika karatasi: kurare pamoja na propranololi, kurare usiku, propofoli ya mshipa tu, na mtu yeyote mwenye aliwahi kusikia. Hao ndo wanapata stika, wengine hapana, hata kama ni shemeji wa dokta. Kwenye boksi zimebaki 9, na kesho asubuhi kuko na goita mbili za Idjwi. Vapo nimeshaijaza.